Vitshumbi, kijiji cha wavuvi ndani ya Parki ya Virunga

Ukitoka Goma kuelekea kaskazini, unapita Rutshuru na Kiwanja mpaka Rwindi. Pale unaacha barabara kubwa na kushuka kwenye Ziwa Edward. Huko ndiko kuna Vitshumbi, kijiji cha uvuvi katika teritware ya Rutshuru.

Vitshumbi haifanane na vijiji vingine vya Kivu. Iko ndani ya Parki ya Taifa ya Virunga, iliyoundwa mwaka wa 1925 na kuandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 1979. Ndani ya parki, sheria hairuhusu kulima. Mihogo na maharagi vinatoka inje. Shamba la mukaaji wa Vitshumbi ni ziwa tu.

Upande wa Kongo, sheria inatambua vijiji 3 vya uvuvi kwenye ziwa hili: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Kule Vitshumbi, kazi ilipangwa tangu zamani kupitia koperative ya wavuvi, COPEVI. Kanuni zinajulikana: pirogi zinahesabiwa, nyavu za matundu madogo zinakatazwa, na mahali samaki wanapozalia hapavuliwe.

Pirogi zikirudi asubuhi, akina mama wanapokea tilapia, wanazipasua, wanatia chumvi ao wanazikausha. Marabu, wale ndege wakubwa wenye upara, wanatembea kati ya nyumba kama kuku, wakingoja matumbo ya samaki. Usiku viboko wanatoka majini kula majani, mara nyingine wanapita karibu na mlango.

Kiboko huyo si jirani wa bure. Mavi yake yanarutubisha maji, na humo vinaota vimea vidogo sana ambavyo tilapia wanakula. Miaka ya 1970, Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000. Vita na ujangili viliwamaliza: kufikia mwaka wa 2005 walibaki chini ya 1,000. Wakati huohuo, watu waliokimbia vita waliongezeka kando ya ziwa, na pirogi zisizo na ruhusa pia. Samaki wakapunguka.

Vitshumbi haina ngome wala majengo ya kale ya kuonyesha wageni. Urithi wake ni zile kanuni za uvuvi, pamoja na wanyama wanaoishi karibu na watu. Mvuvi akiingiza wavu wa matundu madogo leo, kesho hata sahani ya Goma itakosa samaki.