Lenzi ndefu, bunduki na kipunji wa Rungwe

Chuo kimefunguliwa, boom bado halijaingia, na wengi mmeniuliza likizo ya Matwebe ilikuwaje. Nitajibu, ila leo diary itakuwa na historia kidogo. Ule mlima Rungwe ambao nimeuona tangu utoto una nafasi yake katika historia ya picha za wanyama, na wengi wetu wa huko hatuijui.

Tuanzie mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alizunguka na kamera upande wa Kilimanjaro, enzi za mkoloni wa Kijerumani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, na hata jina lake linataja vitu viwili kwa pamoja: mwanga wa kupigia picha na bunduki. Kamera za wakati huo zilikuwa masanduku, picha zilinaswa kwenye vioo, na usiku aliwasha unga unaolipuka ili apate mwanga. Mzigo wote huo ulibebwa na wapagazi. Na bunduki nayo haikulala, ngozi na mafuvu vilienda kwenye makumbusho ya Ulaya. Kwa kawaida ya siku zile, mnyama aliingia kwenye vitabu vya sayansi akiwa ameshakufa.

Sasa huo uzito nimeuonja kidogo mwenyewe. Jamaa yangu wa mwaka wa tatu aliniazima lenzi ya kuvuta, milimita 150 hadi 600. Lenzi peke yake ni kama kilo mbili, bado kamera. Boom la mwaka mzima sidhani kama linainunua! Nikaijaribu nyumbani kwa mwewe aliyekuwa juu ya mparachichi. Jamani, ukivuta mpaka mwisho, ndege anajaa kwenye picha lakini hata pumzi yako inamtikisa. Pia ukivuta hivyo lenzi inapitisha mwanga kidogo, na kwetu ukungu haukosi. Dawa yake ni stendi, au kuegemea mti na kusubiri jua. Mzee jirani akanitazama weee, akauliza: "Mjukuu wangu, hiyo ni kamera au gobole?" Nikacheka, lakini swali lake likanibaki kichwani.

Kwa sababu Rungwe ndipo kamera ilipochukua nafasi ya bunduki. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima wa ajabu anayeitwa kipunji. Wanyakyusa tuna hadithi nyingi za wanyama, wa kweli na wa kufikirika, hivyo haikuwa rahisi kujua huyu ni wa kundi gani. Kipunji ana aibu, anakaa juu kabisa kwenye miti, na msitu una giza. Mwezi Desemba mwaka huo ndipo walipomwona vizuri. Mwaka 2004 Trevor Jones naye akamkuta kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, mbali kabisa na kwetu.

Mei 2005 wakamtangaza kwenye jarida la Science kwa kutumia picha. Hawakuua hata mmoja, maana walionekana kuwa wachache mno. Wataalamu wengine wakaja juu: aina mpya inawezaje kusimama kwa picha tu, bila mwili kwenye makumbusho? Mwaka huohuo kipunji mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima huko Rungwe. Vipimo vya vinasaba vya mwili wake vikaonyesha yuko karibu zaidi na nyani, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117 tu. Mwaka 2009 msitu wa mlima Rungwe ukafanywa hifadhi ya mazingira asilia.

Mimi naona hivi. Picha ilisaidia watu wasimuue mnyama ili tu kuthibitisha kwamba yupo. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kabla ya lenzi kulikuwa na maneno ya wawindaji, na bila wao hakuna ambaye angejua amtafute nani. Hata jina la kisayansi limebaki na neno lao, kipunji. Wapagazi wa Schillings hawakubahatika hata hivyo, walibeba tu.

Kwa hiyo mdau, ukiona picha kali ya mnyama, usiulize tu lenzi gani. Uliza na nani alionyesha njia.

Haya, seminar ni saa mbili asubuhi na sijasoma kitu. Tupo pamoja.