Saa za Mfuma Nguo

Kabla ya viwanda vikubwa kuenea Uingereza, sehemu kubwa ya nguo za nchi hiyo ilifumwa majumbani. Tajiri alimkabidhi mfumaji sufu au nyuzi. Mfumaji, pamoja na mkewe na watoto, alizigeuza kuwa jora, akalirudisha, akalipwa kwa kipimo cha kazi wala si kwa siku. Hapakuwa na kengele ya kumwita wala msimamizi wa kumkemea. Swali lililomkabili ni lile lile limkabililo leo mfasiri au mchoraji afanyaye kazi za watu mbalimbali nyumbani kwake: ikiwa saa zote ni zake, zipi ni za kazi?

Cornelius Ashworth, mkulima na mfuma nguo wa Wheatley karibu na Halifax, aliacha shajara ya miaka ya 1782 na 1783 inayojibu kwa namna yake. Siku ya mvua aliweza kufuma yadi 8½ au 9. Tarehe 14 Oktoba alipeleka jora lililokwisha, kwa hiyo akafuma yadi 4¾ tu. Tarehe 23 alifanya kazi nje hadi saa tisa alasiri, akafuma yadi mbili kabla ya jua kuchwa, na jioni akatia kiraka koti lake. Siku nyingine alipura nafaka, au alichimba mtaro, au alikwenda kutazama mtu akinyongwa hadharani. Mtu wa ofisini angeyaita maisha hayo ovyo, naye angekosea. Yalikuwa na utaratibu, ila utaratibu huo ulifuata mvua, mavuno na siku ya kupeleka mzigo.

Mafundi wengi waliolipwa kwa kipande waliadhimisha pia kile kilichoitwa kwa mzaha Jumatatu Takatifu. Siku hiyo ilikuwa ya kupumzika na kunywa, na mara nyingi Jumanne nayo ikaandamana nayo. Kisha Alhamisi na Ijumaa taa zikawaka hadi usiku wa manane. Benjamin Franklin, alipokuwa mchapaji kijana mjini London katika miaka ya 1720, hakuiadhimisha kamwe, akapendwa na bwana wake. Mwanahistoria E. P. Thompson, katika insha yake ya mwaka 1967, aliona kuwa mwendo huo wa kujikaza na kulegea hutokea popote watu wanapojitawala kazini, akawataja waandishi, wakulima wadogo, na labda wanafunzi pia.

Lakini picha hiyo ni ya mwanamume. Mkewe hakuwa na Jumatatu Takatifu. Mary Collier, aliyekuwa mfua nguo, alilieleza jambo hilo katika shairi alilolichapisha mwaka 1739: mwanamke akitoka kazini hukuta chungu, watoto na mume vikimngoja.

Matajiri nao hawakuridhika. Sheria ya mwaka 1749 ilimtia hatiani mfanyakazi aliyekaa na mali ya tajiri siku 21 bila kuimaliza. Ile ya mwaka 1777 ikazipunguza siku hizo kuwa 8. Hata hivyo, kilichovunja uhuru wa mfumaji hakikuwa sheria. Kilikuwa bei. Kazi hiyo ilifundishika upesi, watu wengi wakaikimbilia, na kufikia mwaka 1820 wafumaji wa pamba kwa mkono walikadiriwa kuwa kama 240,000. Malipo ya kila yadi yaliposhuka, hasa baada ya vita vya Napoleon kwisha mwaka 1815, hapana budi yadi ziongezwe, na kila yadi iliyoongezwa sokoni ikasaidia kuishusha bei tena. Jumatatu Takatifu ikafa katika nyumba za wafumaji pasipo mtu kuipiga marufuku. Saa zilikuwa bado zao. Walizitoa wenyewe, moja baada ya moja, hata usiku ukaisha. Mashine za kufumia zilipozidi kuenea, zilikuta watu waliokwisha choka.

Wafumaji walijua ugonjwa wao ulipo. Hawakuomba Bunge liwapangie saa. Waliomba liweke kima cha chini cha malipo. Mwaka 1808 Bunge lilikataa, na mwezi wa Mei wafumaji wa Manchester wakagoma kwa maelfu. Mswada mwingine wa namna hiyo, ulioletwa na mbunge John Maxwell, ulikataliwa mwaka 1835.