Kuta na Watu: Kuhifadhiwa kwa Royal Vauxhall Tavern

Royal Vauxhall Tavern, baa iliyojengwa kusini mwa London mwanzoni mwa miaka ya 1860, haina sifa kubwa ya usanifu. Uso wake uliopinda unapendeza, basi. Hata hivyo, Septemba 2015 serikali ya Uingereza, kwa ushauri wa shirika la Historic England, iliiingiza katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, Daraja la II. Hilo ndilo jengo la kwanza nchini humo kuorodheshwa kwa ajili ya historia ya wapenzi wa jinsia moja.

Historia yenyewe ilitendeka jukwaani. Sheria ya mwaka 1967, iliyohusu England na Wales, iliruhusu mapenzi kati ya wanaume wawili waliotimiza miaka 21, tena faraghani tu. Kukutana hadharani kuliendelea kuwa jambo la mashaka. Kwa hiyo baa iliyowapokea watu hao, na kuwapa jukwaa wasanii wa kiume waliojivika kike, haikuwa mahali pa kunywea tu. Mwaka 1987, hofu ya UKIMWI ikiwa imetanda, polisi waliivamia wakiwa wamevaa glavu za mpira. Paul O'Grady, aliyekuwa akiigiza humo kwa jina la Lily Savage, inasimuliwa kwamba aliwatania: bila shaka wamekuja kusaidia kuosha vyombo.

Baa ilipouzwa kwa wawekezaji mwaka 2014, wateja na wasanii waliungana kuitetea, wakaandaa wenyewe hoja za kuiombea ulinzi. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa maonyesho, yakiwemo yale ya Jumamosi ya kundi la Duckie, yaliyoanza mwaka 1995. Kwa maneno mengine, desturi ya watu kukusanyika ndiyo iliyoliokoa jengo.

Lakini sheria ya uorodheshaji hulinda matofali. Humzuia mmiliki kubomoa au kubadili jengo bila kibali. Haimlazimishi kuendelea kufungua jukwaa. Watafiti wa Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hawatalishangaa swali hilo: baraza yaweza kukarabatiwa vizuri huku waliozoea kuikalia wamekwisha kuhama. Huko Vauxhall, watetezi hawakutosheka na ushindi wa 2015. Waligeukia sheria za mipango miji, wakidai kwamba matumizi ya nyumba hiyo, yaani baa pamoja na maonyesho yake, nayo yatambuliwe.