Mashine pepe ndani ya mashine pepe

Mashine pepe ndani ya mashine pepe ni utaratibu wa kompyuta ambapo mashine pepe moja huendesha mashine pepe nyingine ndani yake. Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu: mfumo wa uendeshaji uliomo huona prosesa, kumbukumbu na diski kama vyake, ingawa vyote vimegawiwa kutoka kompyuta halisi. Programu inayogawa na kusimamia rasilimali hizo huitwa haipavaiza.

Watafiti hutaja ngazi kwa namba. L0 ni haipavaiza iliyo juu ya kompyuta halisi, L1 ni haipavaiza iliyo ndani ya mashine pepe, na L2 ni mashine pepe iliyoanzishwa na L1.

Historia

Mfumo wa VM/370 wa kampuni ya IBM, uliotangazwa mwaka 1972, uliweza kuendesha nakala yake ndani ya mashine pepe. Kwa njia hiyo wahandisi walijaribu toleo jipya bila kusimamisha kompyuta iliyokuwa ikitumiwa na watu wengine.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha makala kuhusu masharti ambayo kompyuta inapaswa kutimiza ili iweze kuendesha mashine pepe. Walionyesha kwamba kompyuta ya namna hiyo inaweza pia kuendesha haipavaiza ndani ya haipavaiza, mradi haipavaiza hiyo iweze kutengenezwa bila kutegemea muda wa utekelezaji wa amri.

Prosesa za aina ya x86, zilizoenea katika kompyuta za kawaida, hazikutimiza masharti hayo. Katika miaka ya 2005 na 2006 Intel na AMD waliziongezea msaada wa mashine pepe, lakini ulikuwa wa ngazi moja tu.

Tatizo la kasi

Mashine pepe ikitaka kutekeleza amri isiyoruhusiwa, prosesa huisimamisha na kuikabidhi kwa haipavaiza. Kwa kuwa prosesa inaitambua L0 peke yake, kila tukio la L2 hufika kwanza kwa L0, nayo hulipeleka kwa L1. Katika kulishughulikia, L1 nayo hutekeleza amri zisizoruhusiwa, na kila moja hurudi kwa L0. Hivyo tukio moja la L2 huweza kuzaa safari nyingi za kwenda na kurudi.

Kumbukumbu huleta tatizo la pili. Prosesa hutafsiri anwani kwa seti mbili za majedwali: ya mashine pepe na ya haipavaiza. L2 inahitaji tafsiri tatu.

Mradi wa Turtles

Mwaka 2010 watafiti wa IBM, wengi wao wa maabara ya Haifa nchini Israel, walieleza suluhisho waliloliita Turtles, yaani kasa. Jina hilo linatokana na kisa cha dunia iliyobebwa na kasa, aliyebebwa na kasa mwingine, na kuendelea hivyo bila mwisho.

Waliongeza uwezo huo katika KVM, haipavaiza ya Linux. L0 huunganisha maagizo ya L1 kuhusu L2 na maagizo yake yenyewe kuhusu L1, kisha huiendesha L2 moja kwa moja juu ya prosesa. Tafsiri tatu za anwani hubanwa kuwa mbili, na L2 huweza kupewa kifaa halisi, kama kadi ya mtandao, bila kupitia ngazi za kati. Kwa kazi za kawaida, kasi ilipungua kwa takriban asilimia 6 hadi 8 ikilinganishwa na mashine pepe ya ngazi moja.

Baadaye watengenezaji wa prosesa walipunguza safari hizo katika vifaa vyenyewe. Mwaka 2013 Intel iliiwezesha L1 kusoma na kuandika baadhi ya kumbukumbu za udhibiti bila kuiita L0. Kwa prosesa za ARM, utafiti wa NEVE wa Chuo Kikuu cha Columbia, uliochapishwa mwaka 2017, ulifuata lengo hilohilo.

Matumizi na usalama

Utaratibu huu hutumika kujaribu haipavaiza mpya na kufundishia. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walionyesha kupitia Xen-Blanket kwamba mteja anaweza kuendesha haipavaiza yake ndani ya mashine pepe aliyoikodi.

Ngazi ya chini inaweza pia kutumiwa kwa hila. Mwaka 2006 Joanna Rutkowska wa Poland alionyesha Blue Pill, programu inayougeuza mfumo unaofanya kazi kuwa mashine pepe bila kuuzima. Ili isigundulike, haipavaiza ya siri kama hiyo hulazimika kuruhusu haipavaiza nyingine ziendeshwe ndani yake. Kinyume chake, CloudVisor ya Chuo Kikuu cha Fudan, China, ya mwaka 2011, iliweka tabaka dogo chini ya haipavaiza ili kulinda data za wateja hata haipavaiza hiyo ikivamiwa.

Kwa kawaida, anayedhibiti ngazi ya chini huweza kuona na kubadilisha yaliyo katika ngazi za juu yake. Kwa hiyo usalama wa ngazi zote hutegemea uaminifu wa L0.