Kutoka Tembe Tano: Historia Fupi ya Kijiji Chetu

Kamati ya sherehe za miaka hamsini ya kijiji imeniomba niandike historia hii, na imenipa muda mfupi. Nimekubali kwa furaha, maana tuliobaki tunaoujua mwanzo wenyewe ni wachache, na vijana wengi wanadhani kijiji kililetwa na Operesheni ya 1974, ile ya kuwahamishia watu vijijini. Sivyo. Operesheni ilitukuta. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kufyeka, kujenga na kuvuna kabla lori la kwanza la wahamiaji halijafika, na mimi nilikuwepo, mtoto wa kuchunga ndama.

Zamani Wanyaturu hatukukaa kwa kusongamana. Kila mji ulikuwa peke yake: tembe, zizi, na shamba la uwele na mtama lililorutubishwa kwa samadi ya ng'ombe wa mji huo. Likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Ujamaa Vijijini. Huku kwetu maneno hayo yalisikika kwenye redio ya mwalimu wa shule, yakajadiliwa kwenye vilabu vya pombe, yakaachwa. Kilichowagusa wazee ni habari za jirani zetu Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba Mwalimu amekwenda Chamwino mwenyewe na anafyatua matofali pamoja na wananchi. Mzee wetu mmoja alisema kama Rais anashika udongo, yeye ni nani akae kivulini. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wetu wa kwanza.

Kaya tano zikakubaliana. Walichagua pori lililo karibu na tuta la reli ya zamani, ile ya Manyoni hadi Kinyangiri, iliyojengwa miaka ya 1930 na kung'olewa baada ya Vita Kuu ya Pili ili vyuma vyake vikatumike kusini kwenye mradi wa karanga. Kipande cha reli kilichosalia ndicho kilichotundikwa mtini kikawa kengele yetu. Kilipogongwa alfajiri, ulikwenda shamba.

Kuhamisha tembe si kazi ndogo. Baba alipanda juu ya paa na jembe, akaukwangua udongo mpaka fito zikaonekana. Kisha boriti zikashushwa moja moja, zikalazwa juu ya gogo lenye panda, maksai wakakokota. Nguzo za kati zilikuwa nyeusi tititi kwa moshi wa miaka mingi, na mchwa hawazigusi nguzo za namna hiyo. Mama alizifuta vumbi kwa mkono kabla hazijasimamishwa upya.

Msimu wa kwanza plau ilikuwa moja tu, ya mwenyekiti, na maksai wake wawili. Alianza na shamba la ujamaa, akaja kwenye mashamba ya bega kwa bega, yaani vipande vya kila kaya vilivyopakana, akiwatanguliza wajane, na la kwake akalilima mwisho, mvua ikiwa inakatika. Alivuna uwele usiojaza hata gunia. Hakusema kitu. Mjane mmoja, ambaye baadaye aliongoza akina mama wa kijiji hiki kwa miaka mingi, alipita kila kaya na kikapu, na jioni ghala la mwenyekiti likawa na nafaka kuliko la mtu yeyote. Mwenyekiti alitaka kuirudisha. Mama yule akamwambia: "Baba, shamba lako ndilo letu uliloanza nalo." Nimekisikia kisa hiki mara nyingi, na kila anayekisimulia anataja kikapu cha nyumbani kwao.

Mwalimu wetu wa kwanza wa shule naye anatudai deni lisilolipika. Usiku alifundisha watu wazima kwa taa ya chemli, na kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, 1973, alichimba choo chake kwanza ndipo akawapitia wengine.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni. Watu walifika wengi kwa wakati mmoja, wengine wakiwa wameacha mashamba yenye samadi ya vizazi, na mvua za miaka ile hazikuwa nzuri. Yalisemwa maneno ambayo si ya kitabu cha sherehe. Itoshe kusema kwamba kaya za mwanzo ziligawana vyumba na chakula na wageni, na leo wajukuu wao wameoana.

Sheria ya Vijiji ya 1975 ilitupa uandikishaji na halmashauri ya wajumbe 25. Nyumba zikapangwa kwa mistari, balozi wa nyumba kumi akawekwa. Duka la kijiji lilikwenda vizuri kwa muda, kisha likapita katika kipindi kigumu cha mahesabu. Wahusika wengi wametangulia mbele ya haki, nasi tunawashukuru kwa yale mema waliyoyafanya.

Yaliyofuata nayataja kwa ufupi. Elimu ya msingi kwa wote, 1977, na madarasa mawili ya miti. Vijana wetu kwenda vita vya Kagera, 1978 na 1979. Shamba la ujamaa kugawanywa polepole katika miaka ya 1980. Vyama vingi, 1992. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, 1999, na mipaka kupimwa. Madarasa ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanzia 2002, kisha sekondari ya kata. Wilaya mpya ya Ikungi, 2012. Kisima kirefu, zahanati, umeme. Alizeti, ambayo baba zetu waliipanda pembezoni mwa shamba, sasa ndiyo inayosomesha watoto, na mashine za kukamua mafuta zinasikika mpaka usiku. Wenyeviti wote waliopokezana katika miaka hiyo wamefanya kazi kubwa, na majina yao yako ubaoni ofisini.

Daftari la kwanza la mahudhurio ya kazi bado lipo, ingawa mchwa wamekula pembe zake. Lina majina ya wakuu wa kaya peke yao. Kwa hiyo kamati inaomba kila ukoo ulete ofisini, kabla ya siku ya sherehe, majina ya akina mama waliohamia na kaya zile tano, pamoja na lile la mama wa kikapu kama alivyoitwa kwao, ili yachongwe kwenye jiwe pamoja na ya waume zao.