Walipotuomba Kura

Oktoba 29, 1995, siku ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu Muungano, nilipangiwa kusimamia kituo kimoja cha kupigia kura kwetu Matwebe. Watu walianza kupanga mstari kabla ya jua kutoka, wengine wamejifunga mashuka kwa baridi. Katikati ya asubuhi aliingia bibi mmoja niliyemfahamu tangu utoto wangu. Nilipomkabidhi karatasi ya urais aliitazama kwa muda, akazitazama picha za wale wagombea wanne, kisha akaniuliza kwa sauti ambayo kila aliyekuwemo chumbani aliisikia: "Mwanangu, katika hawa, aliyefika kwetu kutuamkia ni yupi?"

Sheria haikuniruhusu kumjibu, nami nikamwambia hivyo. Lakini hata kama ingeniruhusu, jibu lilikuwa kwamba hakuna. Mgombea urais akija upande wa Rungwe husimama penye lami, Tukuyu au Kiwira, na anayetaka kumsikia humfuata huko. Husalimia "Mugonile!", watu wakacheka na kupiga makofi, kisha hurudi kwenye Kiswahili na kwenye hotuba ile ile aliyoitoa jana mahali pengine. Bibi yule alipiga kura yake akaenda zake. Swali lake nimekaa nalo kwa miaka thelathini, na ndilo linalonifanya niandike kurasa hizi.

Uchaguzi wa kwanza wa Rais wa Tanganyika ulifanyika Novemba 1962, nami nilikuwa mtoto wa shule. Wagombea walikuwa wawili: Julius Nyerere wa TANU na Zuberi Mtemvu wa African National Congress, aliyekuwa amejitenga na TANU mwaka 1958 kwa kutokubaliana na uamuzi wa Tabora wa kushiriki kura tatu. Nyerere alipata kura zaidi ya milioni 1.1, Mtemvu 21,276. Watu hupenda kuyataja matokeo hayo kama ushahidi wa umaarufu wa Mwalimu, na ni kweli. Lakini husahau mwaka ule ulivyoanza. Januari 1962, majuma machache tu baada ya uhuru, Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka nchi kukiimarisha chama. Kampeni ilipofika, yeye alikuwa amekwisha kuomba kura kwa miezi mingi bila kutamka neno kura.

Na alichokuwa akiwaambia watu wa vijijini si kwamba atawapa kitu. Kaulimbiu ilikuwa Uhuru na Kazi. Aliwaomba wachimbe barabara, wajenge madarasa, wafyatue matofali, na baada ya kuapishwa Desemba mwaka ule aliwaambia wakulima waliotawanyika kwamba hatua ya kwanza ni kukaa pamoja katika vijiji. (Sisi Wanyakyusa tulilisikia hilo kwa tabasamu kidogo. Wazee wetu walikuwa na desturi ya vijana wa rika moja kuanzisha kijiji chao, na Monica Wilson aliyekuja kutuchunguza miaka ya 1930 aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo.) Ombi lilikuwa zito, nalo lilikubaliwa. Mtu anayekuomba nguvu zako anakiri kwamba unazo.

Kuanzia 1965 hapakuwa tena na wa kushindana naye. Karatasi ya urais ilikuwa na picha ya Nyerere kwa ndiyo na kivuli kitupu kwa hapana. Ushindani ulibaki kwenye ubunge, ambako wagombea wawili wa chama kimoja walipewa alama ya jembe na ya nyumba, na kila mmoja akajitahidi kuitafsiri alama yake kwa faida yake: jembe linakulisha, nyumba inakuhifadhi. Lakini urais ulikuwa jambo la kuthibitisha, na anayesubiri kuthibitishwa hana haja ya kubembeleza. Hali ikawa hivyo kwa miaka karibu thelathini. Hata Tume ya Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, wengi walioulizwa walisema wanataka chama kimoja kiendelee.

Ndiyo maana 1995 ilikuwa shule kwa pande zote mbili, wao na sisi. Mei Mosi ya mwaka huo Mwalimu alikuja Mbeya, akahutubia kwa kirefu juu ya rushwa, ukabila na sifa za mtu anayefaa kuingia Ikulu. Wengi wetu tuliifuatilia hotuba ile redioni kama somo la darasani. Kisha wakaja wagombea wenyewe. Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi alikuwa na sifa ya kuwa mtetezi wa mnyonge, na vijana wa mjini walilisukuma gari lake kwa mikono. Profesa Ibrahim Lipumba alieleza uchumi. John Cheyo wa UDP aliahidi kujaza mifuko ya watu fedha, mpaka akaitwa Bwana Mapesa. Benjamin Mkapa, aliyekuwa hajulikani sana kwetu, alibebwa na chama chenye balozi katika kila nyumba kumi, na hapo ndipo lilipo jibu la swali la bibi. Mgombea hakufika, lakini balozi alikuwa jirani, aliyechimba kaburi la mumewe na kuhudhuria ubatizo wa wajukuu wake. Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba 6.4, na Cheyo 4.

Tulimcheka Cheyo, nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Leo naona tulimcheka kwa haraka. Alikuwa amegusa jambo ambalo wenzake walilizunguka: mkulima alikuwa hana fedha mkononi, na ile kidogo aliyoipata kwa ndizi na kahawa ilikuwa na mwenyewe anayeisubiri.

Huyo mwenyewe ni kodi ya maendeleo. Kodi ya kichwa ya wakoloni ilikuwa imeondolewa kwa wakulima miaka michache baada ya uhuru, lakini halmashauri zilipofufuliwa katika miaka ya 1980 kodi ilirudi na jina jipya. Kwa mfanyakazi wa mshahara kama mimi haikuwa adha, ilikatwa na kusahaulika. Kwa mkulima ilikuwa ni mgambo njiani siku ya soko. Mtu mzima, mwenye ndevu na wajukuu, aliulizwa stakabadhi mbele ya watoto wake. Asiye nayo alifungwa kamba na mwenzake wakapelekwa kama mbuzi. Nimeona wanaume wakiingia migombani kwa kusikia tu baiskeli usiyoijua. Siku moja nilimwona baba mmoja, ambaye mwanawe nilikuwa namfundisha, akijificha nyuma ya darasa letu. Hatukuwahi kulizungumzia.

Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka 2001, na Januari 2002 watoto walifurika madarasani. Katika yote ambayo serikali imeifanyia Matwebe tangu 1995, sioni makubwa kuliko haya mawili, na yote yalitokea katikati ya kipindi, mbali na majukwaa. La ada lilitegemea sana mazungumzo na wakopeshaji wa nje, waliokubali kutupunguzia deni kwa sharti kwamba fedha ziende kwenye huduma kama elimu.

Kilichokuwa majukwaani wakati huo kilikuwa takrima. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 kuruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa mujibu wa desturi. Kama mwalimu wa Kiswahili neno hili liliniuma. Kwetu mwenyeji ndiye humkirimu mgeni. Hapa mgeni alikuja na kanga, sukari na pilau, akamkirimu mwenyeji nyumbani kwake. Mahakama Kuu iliifuta ruhusa hiyo mwaka 2006. Kanga zenyewe bado utaziona zikifunga mizigo ya majani ya ng'ombe.

Mwaka 2015 John Magufuli aliahidi shilingi milioni 50 kwa kila kijiji. Wasomi wa mjini walikokotoa kwamba kwa vijiji zaidi ya 12,000 hiyo ni zaidi ya bilioni 600, wakatikisa vichwa. Kijijini hesabu ilikwenda upande mwingine. Kijiji cha kaya 500, kila kaya laki moja. Neno "maendeleo" hulijui ukubwa wake, lakini milioni 50 inagawanyika, na mtu anaweza kulala akiwaza fungu lake. Aliahidi pia elimu bila ada hadi kidato cha nne. Hili lilitekelezwa kuanzia Januari 2016, nami ninao wajukuu wa majirani waliomaliza kwa sababu hiyo. Lile la milioni 50 halikufika vijijini kama lilivyoahidiwa. Na barabara ya Katumba hadi Tukuyu kupitia Lwangwa na Mbambo, iliyotajwa kampeni baada ya kampeni, lami yake imekuja kwa vipande.

Wengine husema mtu wa kijijini hasahau kura yake kwa kanga, au kwamba hudanganyika kirahisi. Miaka kadhaa baada ya uchaguzi ule nilihudhuria mkutano mmoja wa kijiji ambapo yalisomwa mapato na matumizi: ushuru wa ndizi, michango ya zahanati, faini mbili za mbuzi waliokula mahindi ya watu. Msomaji alipofika mwisho, mzee mmoja aliyekaa kwenye gogo aliinua fimbo yake akauliza kwa nini zile milioni 50 hazikusomwa. Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Akaomba ziandikwe kwenye kitabu upande wa madeni, na mwenyekiti, baada ya kumtazama kidogo, akamwambia katibu aandike.