Mzee Lotto na daftari lake

Vijana wa kituo chetu walicheka waliposikia jina lake, wakadhani nimewaletea habari za bahati nasibu. Hapana. Lorenzo Lotto alikuwa mchoraji, mzaliwa wa Venice, wa miaka ya 1480 hivi. Ila kweli bahati nasibu nayo imo, nitaifikia.

Tiziano, mchoraji mkubwa wa Venice wakati huo, alikuwa na nyumba yake mjini na wafalme walimtafuta. Lotto yeye alihamahama: Treviso, Recanati, Roma, Bergamo, Venice, Treviso tena, Venice tena. Hakukimbia vita kama sisi, alikuwa anafuata kazi. Lakini kufunga mizigo ni kufunga mizigo.

Kuanzia 1538 aliandika daftari la hesabu, na lipo mpaka leo. Picha gani, ya nani, nani kalipa, nani bado anadaiwa, rangi imenunuliwa kiasi gani. Mara nyingi alipata pungufu ya alichotegemea. Mwaka 1546 aliandika wosia, akasema amezeeka, yuko peke yake, hana mtu wa kumtunza na roho yake haitulii. Miaka miwili baadaye mwandishi Aretino, rafiki wa Tiziano, akamtumia barua ya sifa yenye sindano ndani: eti kuzidiwa kwenye uchoraji si kitu, maana kwenye dini hakuna wa kumfikia. Sifa gani hiyo, jamani?

1549 akaenda Ancona kuchora picha ya altare. Mwaka uliofuata ndipo akafanya bahati nasibu. Alitoa picha zake zaidi ya 40, watu wanunue nafasi. Zilitoka saba tu.

Mwaka 1554 akajitoa, yeye na mali yake yote, kwa Nyumba Takatifu ya Loreto, karibu na Ancona. Wakatoliki huamini ni nyumba ya Bikira Maria iliyobebwa kutoka Nazareth, yaani nyumba yenyewe ni mhamiaji. Mzee aliandika kwamba hataki tena kuzunguka uzeeni.

Wengine husoma hapo wakasema basi, kaishia kulishwa. Mimi sikubali. Alikabidhiwa chumba, chakula na nguo, na tena florini moja kila mwezi ya kufanyia apendavyo. Hiyo florini nimeirudia mara tatu. Hapa kambini unga, maharage na mafuta tunavijua. Nyinyi wa mashirika mnaosoma, ninachowaomba mkiangalie ni hicho kipengele cha mwisho. Mtu mzima akiwa na pesa kidogo asiyoulizwa kaifanyia nini, bado ana jambo la kuamua asubuhi.

Na kazi hakuacha. Daftari linakoma 1556, na picha inayodhaniwa kuwa ya mwisho iko hukohuko Loreto, haikumalizika: Yesu mtoto analetwa hekaluni. Watu wamejazana chini, juu karibu patupu, rangi nyepesi kama vumbi. Katikati kuna meza ya altare, na miguu yake ina nyayo za binadamu kabisa, vidole vyote.

Niliwaonyesha vijana. Mdogo wao akainama karibu na kitabu, akaniuliza, "Kaka, hii meza nayo inahama?"